Neno la Siri la Mama Kioko

Mjukuu wa kaka yangu, Mwende,

Huku Makadara hatujambo, ila kitinda mimba wangu anakohoa, naandika nikiinuka kila mara. Unauliza kwa nini mkubwa wenu wa kazini anakataza neno la siri la kompyuta liwe jina la mtoto.

Nikiwa karani katika ofisi moja mtaa wa Baba Dogo, mtu aliingia kwenye kompyuta ya mwenzangu Mama Kioko akafuta kumbukumbu za wateja wote.

"Haki ya Mungu, sijamwambia mtu neno langu!" akalia mbele ya mkubwa wetu.

"Neno lenyewe ni lipi?"

"Kioko."

Mlinzi akachungulia mlangoni. "Mama Kioko, chai iko tayari!"

Aliyefuta alikusudia. Mama Kioko hakukusudia, lakini kazi ilimponyoka.

Sasa nawe wanakuita Mama Mutua. Kama neno lako la siri ni Mutua, libadilishe leo, mama, nipate usingizi.

Nyanya yako,
Mama Ndinda