Mfereji Haupindi kwa Mnazi wa Mtu

Bondeni Ruvu, Kibaha
Februari 1976

Kwa kaka yangu Hilario, Kisarawe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Adventina, na kwamba kifua kimeacha kukusumbua. Huku tu wazima, mama pia, ingawa tangu Jumamosi kila akiniona anacheka.

Mfereji wa kutoa maji mtoni umekaribia mashamba ya mpunga. Miche iko kitaluni, imeanza kuwa njano. Maji yakichelewa, tutavuna majani. Unanijua, siwezi kukaa kimya. Mzee Shomari alipoomba mfereji uzunguke mikorosho yake, nilisimama mkutanoni nikamwita bepari wa korosho. Nilihutubia mpaka mwenyekiti akasinzia. Nikasema mfereji wa umma haupindi kwa mti wa mtu yeyote. Mikorosho ikaangushwa.

Jumamosi vigingi vya mfereji vikafika nyuma ya nyumba yetu, kwenye ile minazi miwili aliyoipanda baba juu ya vitovu vyetu. Mmoja, ule wa upande wa machweo, ulikuwa katikati ya njia kabisa. Bi Honorata, balozi wetu wa nyumba kumi, akaegemea jembe, akaniuliza kwa upole kama leo mfereji utapinda kidogo, ndugu mwanamapinduzi. Mzee Shomari aliketi chini, akawasha sigara, akangoja.

Kaka, hapo ndipo nilipokutoa mhanga. Nilitangaza kwamba huo ni mnazi wako, na kwamba wewe, mjamaa wa kweli, ungekuwepo ungeukata kwa mkono wako. Nikashika shoka. Naungama kwamba nilikata kwa furaha, maana wangu ulikuwa umepona.

Ulipoanguka, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema kitovu cha mzaliwa wa kwanza kilizikwa upande wa mawio, na kwamba nimejikata mwenyewe. Ningepunguza kusoma magazeti nikamsikiliza, ningejua. Mzee Shomari alicheka hadi akaomba maji.

Basi mnazi wako umesimama, na mfereji unapita miguuni pake. Jumatatu maji yalifika kwenye mpunga, miche imeinuka. Wa kwangu umelazwa juu ya mfereji kuwa daraja. Kijiji kizima kinanikanyaga kwenda shambani, na Mzee Shomari huvuka na kurudi hata asipokuwa na kazi ng'ambo.

Mama anakusalimu sana. Ukija Pasaka, naomba unigawie dafu moja.

Ndimi mdogo wako, asiye na mnazi,
Lucian