Dumu la Maji Matamu

Fundi wangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana siku hizi mpiga picha mkubwa kuliko wote kuanzia Bodo hadi Kona ya Musa ni mimi, Bakari. Usicheke. Hata mwezi ukitaka picha ya kitambulisho, utashuka Gazi upange foleni mlangoni kwetu, nami nitauambia ufunge kifungo cha juu.

Chumba chako cha giza kiko vilevile. Dirisha limezibwa kwa lile blanketi, taa nyekundu inawaka, na harufu ya dawa imenikaa vidoleni hata pilau naisikia inanuka picha. Vijana wa Nairobi wanaokuja kupumzika Diani wananiletea filamu zao. Wanaingia na "Niaje, bro," nami nawaambia humu tunaanza na salamu, halafu simu zinazimwa. Wanatulia kama watoto wa chuo cha Kurani. Karatasi ikilowa kwenye beseni na uso ukaanza kujitokeza, wanashika vichwa. Mimi najifanya nimezoea. Sijazoea, fundi. Nashangaa kila mara.

Sekunde za mwanga bado nazihesabu ulivyonifunza: Ukunda moja, Ukunda mbili, Ukunda tatu. Zamani nilikuwa nikikimbiza, picha zinatoka zimepauka, nawe unasema, "Yakhe, hiyo Ukunda umeipita kwa pikipiki." Sasa naenda kwa miguu.

Bi Riziki hajambo. Alipotoka eda alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Mume wangu amepiga picha harusi zote za hapa mpaka Msambweni, na picha yake sina hata moja." Nikajipiga kifua: ninayo! Unaikumbuka? Asubuhi ile umekaa kizingitini unakula mhogo wa kuchemsha, meno ya bandia umeyaacha kikombeni, nikakufyatua ukicheka. Ukanitisha, "Ukiichapisha hiyo, chai yangu huinywi tena." Filamu ilikuwa bado imo ndani ya kamera.

Nikaisafisha peke yangu, mara ya kwanza bila wewe kunisimamia. Dawa ya kwanza, sawa. Dawa ya kukazia, sawa. Nikaiosha kwa maji ya bahari kama desturi yetu, maana yanaondoa dawa upesi na maji matamu hapa ni ya kubeba. Kisha nikachapisha, kubwa, uso tu. Bi Riziki aliishika kwa mikono miwili. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso: "Mzee huyu! Bila meno, na bado anajiona!" Ameitundika juu ya redio. Akipita huisalimia.

Basi hapo ningeishia, nionekane fundi kweli. Lakini wewe umenijua tangu nilipotoroka shule.

Baada ya maji ya bahari, filamu husuuzwa kwa maji matamu, kuitoa chumvi. Ulinikaririsha hilo hadi nikachoka masikio. Siku ile dumu la manjano lilikuwa tupu. Nilikuwa nimeyaoga yale maji, kwa kuwa kulikuwa na harusi Bodo na kuna mtu nilitaka aniangalie. Hakuniangalia. Nikasema chumvi ni chumvi tu, mbona mimi naogelea kila siku sidhuriki? Nikaianika hivyohivyo. Niliporudi imekauka ina chembe nyeupe, na zimekaa usoni pako. Nikaisuuza upya, nikaisuuza tena. Chembe zikatoka. Mashimo yakabaki.

Nikachukua ile brashi yako nyembamba na wino, nikaziba mashimo kwenye filamu, kisha madoa meupe yaliyobaki kwenye picha. Paji la uso, shavu, ndevu. Mkono huu umeuzoesha wewe.

Dumu sasa nimeliandika jina lako. Halinywewi, haliogewi, hata aje bibi harusi. Nakuahidi filamu ya mtu haitakauka na chumvi tena mikononi mwangu. Na Ijumaa, nikitoka msikitini, nitakwenda kwa Bi Riziki nikamwambie, kisha anifukuze au anipe chai. Pumzika, fundi wangu. Mola akupanulie kaburi na akutilie nuru humo, nyeupe, si ile yetu nyekundu.

Kitakachonipa tabu kusema ni hiki. Yeye husema popote akikaa sebuleni, lile jicho la kushoto linamfuata, na ndilo hasa lako, ulivyokuwa ukimtazama. Fundi, jicho lile lililiwa na chumvi lote.

Nimelichora mimi.