Nyumba Isiyopigwa Hodi

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hujambo wewe? Kazi ya ofisi inakwendaje? Huku tunaamka, tunalala. Mjukuu wangu kanenepa, anataka kubebwa kutwa kama bosi. Kaka yako ndiye sijui nimfanyeje. Tangu tumzike mkewe hali mpaka nimgombeze, na nikimgombeza analia.

Nasikia wewe ndiye uliyepewa kupanga tathmini ya mpango wetu wa wahudumu wa afya. Hongera, mama. Sasa nisikilize. Msituhesabie ziara tu. Kaeni na waliofiwa, muwaulize ilikuwaje. Anzeni hapa kwangu. Wifi yako alivimba miguu, akaumwa kichwa, na hakuna mhudumu aliyempigia hodi. Wenzangu walipita mlangoni wakisema, "Humo yumo mwenzetu." Na mimi mwenzao nilikuwa nazunguka kwa wajawazito wa watu. Nikirudi, keshalala. Kifafa cha mimba kilimkuta kitandani; hospitali waliokoa mtoto tu.

Mama yako

19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, moyo ndio hivyo tena. Nibusie huyo bosi wako.

Hoja yako niliipeleka kikaoni. Mkuu wangu akasema kukaa na wafiwa ni kazi ya miezi, na mfadhili anataka majibu kabla ya bajeti. Kuhesabu ziara ni wiki mbili tu. Kasema nichague mwenyewe, lakini kwa jicho lile ambalo mtu mwenye kibarua analielewa.

Tena kuna hili. Tukiwauliza wafiwa, watasema mhudumu kafiwa na mkwewe ndani ya nyumba yake. Na wakubwa wa ofisi hawatauliza zaidi ya hapo. Sitaki wakuanike, mama.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto kaota jino, ananing'ata bila huruma.

Wanianike tu, nimekauka zamani! Kaka yako anajua yote, nilimwambia siku ile ile ya msiba. Kinachoninyima usingizi ni mwenzangu wa mtaa wa chini, yule tunayemwita Mchapakazi. Binti yake ana mimba kubwa, anaishi naye. Nilikwenda kumwona, Mchapakazi akanicheka: "Shoga, umekuja kunikagua mimi?" Nikarudi tena, safari hii hakucheka. Binti alikuwa kavaa viatu vya mama yake, vyake havimwingii.

Nikisema mimi, wanasema msiba umeniingia kichwani. Ikisema ofisi, wahudumu wataanza kutembeleana. Ndicho ninachotaka, basi. Chagua vizuri, mama.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa naona aibu kukuandikia.

Nilichagua kuhesabu ziara. Nilijiambia nakulinda, na ni kweli, ila niliogopa kupoteza kazi pia. Ripoti imetoka nzuri. Mpango umeongezewa muda, posho zenu zitaendelea. Nyumba za wahudumu tulizihesabu kuwa zimetembelewa, kwa kuwa mhudumu yumo ndani. Nilipoiona yetu humo nilikwenda kujifungia chooni, nikalia.

Mwakani nitapanga ile ya kukaa na watu. Nakuahidi. Likizo nakuja, niambie nimletee mtoto nini.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mtoto anatambaa, anafuata sufuria kila mahali.

Ripoti yenu msimamizi alitusomea, tukapiga makofi. Mchapakazi akapewa cheti, hakuna aliyemfikia kwa ziara.

Juzi tumemzika binti yake. Ni kifafa kile kile. Kichanga nacho hakikupona. Alianguka jikoni, mama yake akiwa kwenye nyumba za watu.

Nashinda naye kwake. Watu wanaingia, wanatoa pole, wanaondoka, hakuna anayemuuliza ilikuwaje, na yeye anatamani kuulizwa. Mimi nimemuuliza. Amenieleza tangu miguu ilipoanza kuvimba, akarudia, akarudia tena.

Zawadi ya mtoto usilete. Likizo usiisubiri. Omba ruhusa uje ukae naye, umsikilize mpaka amalize.

Jana alinigeukia akasema, "Wewe ulijua. Mbona hukupiga kelele?" Nikamwambia nilipiga, niliandika ofisini, na aliyesoma alinielewa vizuri kabisa. Akaniuliza ni nani huyo. Sikumjibu, mwanangu. Utamjibu mwenyewe ukifika.

Mama yako