Kipaza Sauti cha Kwenye Kola

Siena, Jumanne

Dada Mirella,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu siiamini tena. Mvua haikatiki, viatu vinanibana, na wastaafu ninaowatembeza wanadai kahawa kila tukitoka kanisani.

Juzi uliponipigia nikiwa Firenze, nilijificha nyuma ya nguzo nikakwambia siwezi kuja kumwona Mama, kazi ni nyingi. Uliponishikilia, nikaropoka: "Naogopa Mama atanitazama halafu aniulize mimi ni nani!" Niliporudi kwenye picha ya Bikira Maria niliyokuwa nikiwaeleza wazee, hakuna aliyekuwa akiitazama. Wote walinikodolea macho mimi. Kipaza sauti cha kwenye kola sikukizima, na kila mzee alikuwa amenisikia kwenye kile kisikizi cha sikioni wanachonifuatia.

Nikajitia kueleza rangi. Bwana Oreste, mmoja wa wazee hao, akanikatiza: "Binti, picha hiyo imesubiri miaka mia tano. Mama yako naye atasubiri mingapi?" Mkewe akaninyang'anya mwavuli ninaouinua ili wanifuate. "Nenda zako! Sisi tukipotea tutauliza."

Nakuja Jumapili, mwenzangu akishanipokea kundi. Barua hii msomee Mama. Anza na jina langu, na ukimaliza lirudie.

Mdogo wako asiyetulia,
Ornella