Meno Uliyoyang'oa

Baba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu ulinilea hivyo, kwamba mkubwa anasalimiwa hata ukiwa umemnunia. Marahaba yako sina haja nayo.

Tumeondoa tanga, ndugu wametawanyika, mimi na Mama tumerudi Dar kutoka Machame. Siku niliyofungua karakana, hata kufagia sijafagia, niliishusha chenso yako, mashine ya kukatia miti, ile uliyokuwa humruhusu mtu kuigusa. Nikaibana kwenye jiliwa na kuyafungua meno yake ya mbele. Yale madogo. Niliyatupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu nikafunga makubwa. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu kabla ya mengine.

Najua ungesema nini. "Mashine siyo ng'ombe, haihitaji pembe." Ulikuwa ukilisema mbele ya wateja, wanacheka, na mimi nimeinama na tupa yangu nanoa cheni, najifanya sijasikia. Miaka kumi na moja tumekaa benchi moja, Baba. Wateja wakinisifu ulikuwa unawaambia, "Anajitahidi." Hivyo tu. Kama vile nimeanza jana.

Haya, mwanao anayejitahidi akueleze. Meno yale yapo pale cheni inapotokea kwenye mashine kwa sababu moja. Yanauma gogo. Ukianza kukata, cheni inavuta mashine kwenda mbele, na mashine inamvuta aliyeishika. Meno ndiyo yanayosema hapana. Kwenye mti mwembamba madogo yanatosha. Kwenye mti mnene wenye gome gumu yanaishia kwenye gome na kuteleza. Ulilijua hili kabla sijazaliwa.

Na Salum alilijua. Ndiyo maana alikuja.

Nakukumbusha maana ulipenda kujisahaulisha. Salum, mkata miti wa Buguruni, mteja wetu tangu sijajua kushika spana. Alikuwa amepata kazi Upanga, mkwaju mkubwa ulioegemea ukuta wa maghorofa, wapangaji wanaogopa mvua. Alileta mashine yake akasema meno yanateleza, anaomba makubwa. Wewe ulikuwa umevuka Magogoni kwenda kuangalia mashine ya mtu Kigamboni. Nilikwenda dukani kwa Nasoro, nikachagua meno yanayofaa, nikayafunga pande zote mbili, ndani na nje, kwa bolti mpya. Niliijaribu kwenye kipande cha gogo tunachokalia pale mlangoni. Iling'ata ikatulia kama imezaliwa nayo.

Kesho yake nilimpeleka Mama kliniki. Niliporudi mchana nilikuta meno yangu yametupwa juu ya benchi, na mashine ya Salum haipo. Ulikuwa umeyang'oa. Umerudisha yale ya zamani, Salum amekuja mbio mbio, ameichukua amekwenda. Bolti zangu mbili nzuri zilikuwa pale pale kwenye kifuniko cha soda. Nikakuuliza, sasa yale ya zamani umeyafungia bolti gani? Maana moja ya zile za zamani uzi wake ulikuwa umekwisha, nilikuwa nimekuonyesha mwenyewe. Ukasema, "Usinifundishe kazi."

Ulijua. Ulijua uzi umekwisha, ukaikaza hivyo hivyo kwa nguvu ya mkono, kwa sababu kutumia bolti zangu ingekuwa ni kukubali kwamba mkono wangu umepita pale.

Siku ya tatu meno yalichomoka Salum akiwa juu ya shina la mkwaju. Mashine ikavutwa, Salum akavutwa nayo, mguu ukateleza, cheni ikaupitia. Wenzake walimbeba kwenye bajaji. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Halafu Mwanahawa, mkewe, akaja karakanani. Hakuja kupiga kelele. Alikuja na kile kipande cha meno kilichochomoka, amekifunga kwenye pindo la khanga. Akakifungua akakiweka kwenye benchi, akauliza kwa sauti ya chini kabisa ni nani alikifunga. Mafundi wote wa safu yetu walikuwa wamesimama pale. Nasoro alikuwa ametoka dukani kwake. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Nilikusubiri, Baba. Wallahi, kama wanavyosema jirani zetu, nilikusubiri.

Ukasema, "Ni huyu binti. Anapenda kujaribu jaribu vitu."

Hukunitazama. Ulisema ukaokota spana ukaendelea na kazi. Mwanahawa alinitazama, akatema mate chini, akaondoka.

Nilinyamaza. Nilijiambia ni baba yangu, nitamwaibisha vipi mbele za watu. Nilijiambia utasema mwenyewe jioni, ukitulia. Jioni uliniomba nikuwekee redio stesheni ya taarabu ukala ndizi zako. Kesho yake vilevile. Miaka miwili vilevile. Wateja wakawa wanaleta mashine wanasema, "Afanye Mzee, siyo yule dada." Nawe unaipokea. Unaipokea, unanipa mimi niifanye nyuma ya pazia, halafu unamkabidhi mteja kwa mkono wako.

Kuna siku tatu nne sikukuchukia, sitasema uongo. Siku ile ya mafuriko tulipopanga mashine juu ya meza, maji yamefika magotini, ukaanza kucheka na mimi nikacheka. Siku uliponifundisha kusikiliza injini kwa kuweka bisibisi kwenye mwili wa mashine na mpini wake sikioni, ukasema fundi ambaye hasikilizi ni mwizi. Uliyasema maneno hayo wewe. Kwa mdomo ule ule.

Ulipolazwa nilikuuliza mara moja tu. Mama alikuwa ametoka kuchukua dawa. Nilisema, Baba, habari ya Salum, naomba umwambie. Nimlete hapa, au nimpigie simu uzungumze naye. Ulifumbua macho, ulinisikia vizuri, ulikuwa na akili zako zote. Ukasema, "Nipe chai." Nikakupa. Ukanywa. Ukageukia ukutani.

Chai ile inaniuma kuliko yale mengine yote.

Kwenye msiba wakanipa mimi nisome wasifu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa watoto wako na nina sauti. Baba mdogo ndiye aliyeuandika. Fundi mwaminifu, asiyemdhulumu mtu. Niliyasoma yote, mbele ya jeneza lako, migomba imelowa, watu wanalia. Nililia na mimi. Wakafikiri ni uchungu wa kukupoteza. Ulikuwa uchungu, ndiyo, ila si wote wa kukupoteza.

Basi nikarudi, nikafunga meno makubwa. Matundu hayakulingana nikayatoboa upya, chuma kigumu, nimevunja vichwa viwili vya drili. Bolti zilitakiwa ndefu zaidi. Nilipima kina cha kila tundu kwa kijiti kabla sijaingiza kitu, maana bolti ikizidi inagota chini na kupasua mwili wa mashine. Hilo ulinifundisha wewe na sikatai. Nilipomaliza nilizungusha cheni kwa mkono nione haigusi popote. Haikugusa. Nikaifunga kwenye gunia nikapanda bodaboda mpaka Buguruni.

Mama aliponiona natoka na gunia alijua. Alisimama mlangoni akaniambia marehemu hasemwi. Akasema, "Ndeshi, mwache baba yako alale." Nikamwambia amelala, Mama, ni mimi ambaye silali. Akaniachia njia, lakini hakuniaga.

Salum anakaa nyuma ya gereji za Buguruni, chumba kimoja cha kupanga, nje kuna benchi. Siku hizi ananoa cheni za wakata miti wenzake. Magongo yameegemezwa ukutani. Mwanahawa alikuwa anapepeta mchele. Aliponiona aliinuka na ungo wake akaingia ndani. Salum hakunifukuza. Hakunikaribisha pia. Nikasimama.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama vile vile. Meno makubwa niliyofunga, wewe kuyang'oa, bolti iliyokwisha uzi, maneno yako kwenye benchi. Sikukupunguzia, Baba, na sikukuongezea. Nilimaliza nikaweka chenso yako miguuni pake, nikasema hii ilikuwa yake mzee, nimeifunga meno yanayotakiwa, ni yako, wenzako wanaweza kuifanyia kazi.

Aliitazama chenso. Tupa bado iko mkononi. Nilitegemea atakutukana wewe. Nilitaka akutukane, nikiri tu. Nilikuwa nimevuka mji mzima nikisubiri kumsikia mtu mwingine akikutukana.

Akasema, "Ulijua ile bolti siku ile ile?"

Nikasema ndiyo.

"Na namba yangu ya simu ulikuwa nayo."

Nikasema ndiyo.

"Siku tatu," akasema. "Na baadaye miaka miwili. Umesubiri afe."

  "Niliogopa" ndilo jibu, lakini nilipolitazama mbele ya mtu mwenye mguu mmoja lilikuwa dogo mno, sikulitoa. Ndipo Mwanahawa akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu. Akasema kwamba nimekuja kusemea uani, ambako hakuna anayesikia, na aliyoyasikia yeye karakanani yalisemwa mbele ya watu. Kama nina ukweli nikausemee pale pale.

Chenso waliipokea. Salum aliivuta karibu, akapitisha kidole kwenye meno, jino moja moja, akajaribu bolti kwa mkono. Akaniambia nimekaza vizuri. 

Jumatatu nilisema. Nilimwita Nasoro atoke dukani, nikawaomba mafundi wa safu wazime mashine zao. Mwanahawa alikuja, akasimama pale pale alipokuwa amesimama. Nilisema Baba ndiye aliyefunga meno ya mashine ya Salum, kwa bolti mbovu, na mimi nilijua nikanyamaza. Sauti ilinikatika katikati, nikaanza tena. Mzee mmoja wa kuchomelea alitikisa kichwa akasema si vizuri kumvua marehemu nguo. Nasoro alijibu kwamba aliyeuza yale meno makubwa ni yeye, na alishangaa tangu siku ile alipoona kilicholetwa na Mwanahawa ni cha madogo, ila hakuulizwa. Wakarudi kazini. Hakuna aliyenipongeza. Mwanahawa alijifunika khanga yake akaondoka, safari hii bila kutema mate.

Mama habari zilimfikia kabla sijafika nyumbani. Sasa ananipakulia chakula, anaweka mezani, anaondoka. Anaongea na picha yako. Nakulaumu hata kwa hilo. Ungesema wewe neno moja pale kitandani, leo ningekuwa na mama.

Wateja wengine wamehama. Wengine wanakuja na kuniuliza mimi moja kwa moja, na mashine naipokea kwa mkono wangu mbele ya pazia. Pazia lenyewe nimelishusha, nafutia mafuta.

Baba, sijakusamehe. Padri amesema nijaribu, nikamwambia nitajaribu mwakani. Nakuahidi haya tu: hakuna mashine itakayotoka kwangu na bolti niliyoitilia shaka, na nikiona kosa nitapiga simu siku ile ile, hata likiwa langu. Salum nitakuwa nampelekea tupa na cheni mwenyewe, akinipokea au asinipokee.

Desemba nitapanda Machame kama tunavyopanda wote. Mama akikubali tutapanda basi moja. Nitapalilia kaburi lako, nitaweka maua, kwa sababu mimi ni mwanao na kazi hiyo ni yangu. Nitaifanya nikiwa nimekasirika.

Kwaheri, Baba.

Ndeshi