Jinsi Tulivyoikataa Nyumba Tuliyoitaka

Doirín Bán,
Kaunti ya Mayo,
Ayalandi.
11 Machi 2019

Mpendwa binamu yangu Ailbhe,

U hali gani huko Winnipeg, na baridi yenu imeanza kulegea? Goti la Shangazi Attracta limekaaje tangu mama yako huyo apasuliwe? Anatembea bila fimbo? Sisi huku hatujambo, ila Donncha anaota jino la kwanza na nyumba nzima haijapata usingizi wa maana tangu Alhamisi. Fiadh ametimiza miaka mitatu na anaongea kuliko redio. Nisamehe mwandiko, naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba mtoto.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Unasema unakuja mwezi wa saba, mara yako ya kwanza kukanyaga nchi ya mama yako, na unaomba nikufundishe watu wa huku wanavyoongea usije ukachekwa. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nimezaliwa hapa, nimeolewa hapahapa. Lakini kuna jambo limetokea, na sasa mimi mwenyewe sijui kama nimewahi kuwaelewa watu hawa.

Nianze na yale mepesi. Ukiulizwa hali, jibu ni "grand", yaani salama kabisa, hata kama mguu umevunjika. Ukiulizwa kuna craic gani, unaulizwa habari na porojo na kama kuna raha yoyote, vyote kwa mpigo. Unajibu hakuna, halafu unakaa saa nzima ukisimulia. Mtu akikwambia "nilimwona bwana wako dukani", usidhani umeozwa bila kujua. Ni mwanamume yeyote tu aliyepita. Na ukimwomba mtu kitu akasema "ndiyo, ndiyo, nitafanya" huku anatazama dari, usimsubiri.

Chai ndiyo yenye kazi. Ukikaribishwa, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa tena. Mara ya tatu unasema haya basi, nusu kikombe, na unaletewa kikombe kizima na mkate wa zabibu juu yake. Anayekubali mara ya kwanza anaonekana hakulelewa, na anayekaribisha mara moja tu anaonekana mchoyo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila kinachotolewa huku, si chai peke yake, na hapo ndipo tulipoponzeka.

Nyumba hii tunayokaa ni ya kupanga. Mwenyewe ametuambia tuwe tumehama mwisho wa Aprili, mwanawe anarudi kutoka London. Tumetafuta mpaka Castlebar, hakuna kitu. Colm anasema itapatikana. Mimi nimeanza kufunga nguo za watoto kwenye maboksi na sijui maboksi yanakwenda wapi.

Jumapili moja ya Februari akaja Mjomba Festy, kaka yake mama mkwe wangu, yule mzee wa ng'ombe weupe aliyeko kwenye picha ya harusi yetu. Nyonga imemshinda, anahamia Galway kwa binti yake. Alikunywa chai, akafuta mdomo, akasema huku macho yakiwa kwa mbwa wetu, "Ile nyumba yangu itakaa tupu tu. Sijui kama ingewafaa nyinyi kwa lolote."

Moyo uliniruka. Na Colm, mume wangu, baba wa watoto wawili wasio na pa kwenda, akasema, "Aa, Mjomba, usijisumbue na sisi. Sisi tuko grand."

"Haya," akasema mzee, akachukua kipande kingine cha mkate.

Alipotoka tu nikamgeukia. "Colm, umesema nini wewe?"

"Nimekataa mara ya kwanza. Ulitaka nimrukie mzee wa watu shingoni? Atarudia."

"Asiporudia?"

"Atarudia, Sorcha. Usianze kugomba."

Wiki ikapita. Jumanne Mjomba Festy akatokea mlangoni na buti zake za mpira. Colm yuko kazini, Donncha analia, Fiadh kamwaga maziwa sakafu nzima. Mzee hakutaka kuingia. Akasema mvua imekuwa nyingi. Nikasema kweli. Akasema lakini paa lake halijavuja hata tone. Nikasema vizuri, Mjomba. Akasema na jiko lake linapasha vyumba vyote. Nikasema una bahati. Akaangalia buti zake kidogo, akaenda zake.

Nilidhani anajisifia paa.

Ijumaa mama mkwe akaniambia kaka yake amemwita dalali, anakuja Jumatatu kupima vyumba. "Anasema nyinyi hamuitaki. Kawauliza mara mbili."

Mara mbili. Ailbhe, wewe uliyekulia kwa watu wanaosema jambo likaeleweka, niambie, kuna aliyeniuliza? Nilipompa Colm habari alikaa kitini akafunika uso. Nikamwambia twende tukamwambie. Akasema haiwezekani, mtu ukishakataa huwezi kurudi kuomba, utamfanya mzee ajione hakutoa vizuri. Tungoje mara ya tatu. Nikamuuliza hiyo ya tatu itakuja kabla ya dalali au baada yake. Wanangu siwezi kuwalaza ndani ya adabu.

Jumamosi asubuhi nikamtia Donncha kwenye kigari chake, nikamshika Fiadh mkono, nikaenda. Sikumpa mzee hata nafasi ya kunikaribisha chai.

"Mjomba, nyumba tunaitaka."

Alishtuka kama nimemtukana. Akaanza kutia kwenye jiko ule udongo mkavu unaochomwa huku kama kuni, na moto wenyewe ulikuwa tayari unanguruma.

"Aa, nyumba yenyewe nini," akasema. "Ya zamani hii. Msingeipenda."

Hapo kichwa kikanizunguka kabisa. Nyumba ileile isiyovuja tone? Aliyekuja kunipa sasa ananizuia? Au sasa zamu imegeuka, ni mimi wa kubembeleza na yeye wa kukataa? Nikajikaza.

"Tunaipenda, Mjomba."

"Chumba cha mbele kina baridi."

"Nitavaa sweta."

"Na mlango wa nyuma unakwama."

"Colm ataupiga randa."

Akageuka kumtazama Fiadh. Alikuwa sakafuni anamvuta mbwa wa mzee masikio. Kisha mzee akasema polepole, "Basi hawa watoto wasilale cha mbele. Cha nyuma ndicho chenye joto."

Colm anasema pale ningeshukuru nikaondoka, kwamba huku hakuna ndiyo kubwa kuliko hiyo. Mimi nilikuwa nimechoka, sikuwa tena na nguvu za kukisia.

"Mjomba, ni ndiyo au ni hapana?"

"Si nimekwambia."

"Umenipa chumba. Mimi nauliza nyumba."

Akawa mwekundu hadi masikioni. Akageukia dirisha, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama kwa padri, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Umeridhika?"

Nililia palepale, naye akapata sababu ya kwenda kuangalia ng'ombe.

Dalali ameambiwa asije. Tunahamia mara tu baada ya Pasaka. Na bado, binamu yangu, sielewi nimefanya nini. Mama mkwe anasema mimi ni mwanamke jasiri, na nimeshindwa kujua kama ananisifu. Colm hakusema nami siku mbili, anadai hataweza kumtazama mjomba wake usoni, halafu jana nikamkuta kule, kapiga magoti chumba cha nyuma, anapima pa kuweka kitanda cha Donncha. Nilipomuuliza bado umekasirika, akasema yuko grand. Sasa nifanyeje na neno hilo?

Kwa hiyo usinichukulie kuwa mwalimu. Ila ninalo moja la kukwambia. Ukija mwezi wa saba ulale kwetu, kile chumba cha mbele. Nakualika mara hii moja tu, sitarudia. Ukiandika hapana nitaamini ni hapana na nitaumia, kwa hiyo andika unachotaka kweli.

Mbusu Shangazi Attracta, umwambie Fiadh amerithi kidevu chake. Mpe salamu kaka yako Fergal na mkewe. Colm anakusalimu, na mama mkwe pia. Mungu awatunze, awafungulie njia, akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi nikupendaye, usingizi uwepo usiwepo,

Sorcha