Maji Yamefika Kwenye Alama ya Baba Yako

Kondo,

Mimi sasa nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, nimemaliza mitumbwi saba, na yule kiboko mwenye kovu aliyetutia hofu ujana wetu wote nimeuona mzoga wake umevimba kwenye matete, mimi nimesimama nautazama. Wenyeviti wa kijiji siwahesabu. Nilijua nitawazika wengi, lakini wewe sikukuweka kwenye hesabu hiyo. Wewe mdogo wangu kwa miaka minne. Ulitakiwa unizike mimi.

Naandika kwa mkono wangu, usicheke. Herufi ni zile zile za kisomo cha watu wazima, wewe ukikaa mbele unajibu kila kitu, mimi nyuma natazama mto dirishani. Mwanao Mwanahawa alitaka nimtajie maneno aandike yeye. Nimekataa. Mengine humu ni ya aibu, na aibu ya mtu kama mimi haiandikwi na mkono wa mwingine.

Nianze na siku tuliyokuzika, maana kosa limeanzia hapo.

Ulikuwa umeacha neno kwamba tukulaze bondeni, karibu na ule mkuyu tulipokuwa tukifunga mtumbwi. Wazee wenzetu walitaka upelekwe juu, makaburi ya msikitini. Maalim Juma akaniuliza mbele za watu kama maji ya Ruvu hayafiki pale. Nikapiga kifua. Nikasema tangu nizaliwe maji hayajavuka mizizi ya mkuyu ule, na mwenye umri kunizidi asimame aseme. Hakusimama mtu. Atoke wapi? Wakachimba.

Na alama ilikuwepo pale pale, Kondo. Ile aliyoikata baba yako kwa panga kwenye shina, inalingana na kifua cha mtu mzima. Miaka mingapi umeniambia kwamba maji yalifika pale, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni? Na mimi nikakujibu kwamba baba yako alikuwa mkata miti hodari, akijaribu panga lake jipya. Nilikuwa mkubwa, nikakwambia, ningekumbuka. Ukawa unacheka tu, unachukua upondo, tunaondoka.

Basi sikiliza yaliyotokea.

Baada ya kukuzika, mvua zikatukatia tamaa. Vuli ikapita, masika yakaja kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Mto ukapungua mpaka nikaona mgongo wake. Wallahi, Kondo, nilivuka Ruvu kwa miguu, maji chini ya goti, mahali ambapo mimi na wewe tulikuwa tukishusha kamba hatupati chini. Na bahari ilivyoona mto umedhoofika ikapanda. Maji yakawa ya chumvi mpaka kwetu huku. Bi Sikudhani alimwagilia mchicha wake asubuhi, jioni umelala kama umekanyagwa. Kwenye migono yangu hakuna kambare, hakuna perege. Naingiza mkono natoa mkizi na kamba, samaki wa bahari, nao wananitazama kama mimi ndiye mgeni. Mamba wote walikuwa wamekusanyika kwenye kina kimoja kilichobaki, wamelala ubavu kwa ubavu, hata kugombana wameacha. Nimeona vingi mimi, lakini pale nilivua kofia.

Ndipo mchanga ukatoa mtumbwi wetu.

Ule wa mvule, uliopinduliwa na kiboko mwaka ule tulioogelea hadi ng'ambo tukitetemeka. Ulikuwa umezama mchangani, ukingo wake tu umejitokeza. Nikauchimba siku mbili. Mzima, Kondo, mti haujaoza. Na alama za meno ya kiboko zipo nyuma, mahali pa kushika kafi. Mahali pangu. Miaka arobaini nimewasimulia watu kwamba ulisinzia mbele, ndiyo maana tukamparamia. Ukweli ni kwamba wewe ulisema "twende kushoto" mara mbili, mimi nikaenda kulia kwa kuwa ulikuwa umesema kushoto. Hukunikanusha hata siku moja mbele ya watu. Nikauburuta mtumbwi nyumbani nikaufunika na makuti. Watu walipouliza nikasema ni wa zamani tu.

Mwaka uliofuata mvua zikaja zote pamoja, za kwake na za mwaka uliopita.

Mwanahawa akanipigia simu toka Vigwaza. Akaniamkia, nikamwitikia, akasema, "Baba mkubwa, mto huku umeingia kwenye mahindi, nao unakuja kwenu. Baba yupo salama?" Nikamwambia alale usingizi. Nikamwambia mto huu nimeulea mimi. Kesho yake mchana nikaenda kwenye mkuyu, nikakuta maji yamefika mizizini na yanapanda bila kelele yoyote. Hilo ndilo lililonitisha. Mto mdogo hupiga kelele. Huu ulikuwa kimya, umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unapita na miti mizima yenye majani yake na viota vyake.

Nikakaa kwenye kaburi lako. Na hapo ndipo nikakumbuka. Sijui kwa nini sikukumbuka siku zote hizo. Mwaka ule wa alama ya baba yako mimi sikuwepo. Nilikuwa Kaole kwa shangazi, nimepelekwa chuoni kusoma Kurani, nikarudi mavuno yamekwisha na ardhi imekauka. Nimebishana nawe maisha yangu yote juu ya maji ambayo sikuyaona.

Mwanahawa alifika siku ya pili. Njia ya Mlandizi ilikuwa imekatika, akazunguka Chalinze na Msata, na kutoka barabarani akaja kwa miguu, kanga imelowa mpaka kiunoni. Hakuniamkia. Tulikuwa wanne pale: yeye, Maalim, Bi Sikudhani aliyekuja kuokoa bata wake, na mimi. Maji yalikuwa hatua tatu toka miguuni pako. Maalim akasema ikiwa tunahofia maji yatamfichua maiti, sheria inaturuhusu kumhamisha, lakini tuamue sasa. Bi Sikudhani akasema mto hauulizi mtu umri wake. Nilimsikia.

Mwanahawa akanigeukia. "Baba mkubwa, ulimweka wewe hapa. Nijibu mimi, usiwajibu watu. Mto huu unaujua au huujui?"

Kondo, ulimi ulikuwa tayari umeshika njia yake ya kila siku. Nikautazama mkuyu, nikaitazama alama.

"Siujui," nikasema. "Baba yako ndiye aliyekuwa anaujua."

Nikawaambia habari ya Kaole. Nikawaambia na habari ya kushoto na kulia, ingawa hakuna aliyeuliza. Mwanao akasema kama baba yake aliijua ile alama, na akachagua mwenyewe kulala chini yake, basi alijua anachokitaka, na yeye hatamtoa. Ila asichukuliwe. Akaniuliza tunamshika vipi.

Hapo sasa nilijua, na hili niruhusu nijisifu kidogo. Nikawaambia waje tuulete mtumbwi. Tukaukokota wote wanne, Maalim amekunja kanzu, Bi Sikudhani anahesabu moja mbili tatu kama nahodha. Tukauweka ubavuni pako upande maji yanakotokea, tukaujaza udongo wa mfinyanzi, tukapigilia vigingi vya mkoko kila upande, mikono ikatoka malengelenge. Tulipomaliza maji yalikuwa yanagusa kifundo cha mguu. Tukakusomea Yasini tumesimama majini.

Halafu yakakufunika. Yakapanda siku tatu, nami nikawa nakwenda kwa mtumbwi mwingine kila mchana kutazama. Siku ya tatu yakafika kwenye alama ya baba yako, yakasimama. Si juu yake kidole, si chini yake kidole. Yalikaa hapo kama mgeni aliyefika mlangoni akangoja kukaribishwa. Niliacha kupiga kafi. Nimevua mto huu miaka sitini na tano, sikuwahi kuuogopa vile, wala kuupenda vile.

Ungeona, Kondo. Bonde zima ni maji, na chini ya kafi langu kambare wanajipenyeza kwenye majani ya mpunga, wawili wawili, wanataga. Juu ya kichuguu kimoja amesimama swala, na hatua mbili toka kwake kenge, hakuna anayemjali mwenziwe. Furukombe analia juu ya mkuyu. Viboko wamekwenda mpaka nyuma ya shule. Mpunga wa Bi Sikudhani wameula wote, naye analia, na wakati huo huo ananionesha perege aliyemkuta jikoni kwake.

Yalipoondoka, niliogopa kwenda. Alikwenda Mwanahawa mbele. Mtumbwi upo, umejaa tope mpaka juu. Kibao chako kimesimama, kimeinama kidogo tu, kama ulivyokuwa ukiinama kusikiliza. Na juu yako mto umeacha udongo mweusi, laini, unene wa shubiri. Hatukuondoa hata gao moja. Kando ya miguu yako zimepita nyayo za kiboko, zimekuja moja kwa moja, zikazunguka mtumbwi, zikaendelea. Mtumbwi ule aliuogopa safari hii, au aliutambua. Sijui. Naona neno hili sasa linanitoka kwa urahisi.

Na samaki wamerudi. Wale waliozaliwa kwenye mpunga sasa wanajaza migono. Watoto wa watu wanakula kambare mpaka wanawakataa. Niliyekuwa nikilaani maji mengi nimefunga mdomo, maana mwaka ule wa maji madogo tulikula mboga za majani.

Sikukata alama mpya. Nililichukua panga nikaichimbua ile ile ya baba yako, iingie ndani zaidi, mti usije ukaifunika. Nakuahidi kila mwaka nitaichimbua maadamu mkono unashika panga. Na nimemwagiza Maalim mimi nizikwe juu, msikitini. Si kwamba nakukimbia. Wewe utayasikia maji yakija, mimi nitayaona. Tutabishana baadaye.

Lala salama, ndugu yangu. Shikamoo zako za miaka yote nimeziitikia ovyo ovyo, mdomo umejaa maneno mengine. Naziitikia leo upya, zote. Marahaba.

Na atakayesema kwamba haiwezekani mimi Shabani nikatamka "siujui" mbele za watu, aende kwa Maalim Juma, au kwa Mwanahawa huko Vigwaza. Kwa Bi Sikudhani hana haja ya kwenda kuuliza, bibi huyo atamwambia mwenyewe akiwa bado yuko mbali.